Nilinunua gari iliyofutwa na bima, mlango mmoja mzima ndio ulionitesa

Wakuu, salamu kutoka mpakani.

Ninayoandika hapa yalinikuta mwenyewe, Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Sijaongeza chumvi, yalikuja na chumvi yake. Shule mimi niliishia darasa la tano na Kiswahili changu ni cha huku kwetu, kwa hiyo wale wa kusahihisha ngeli wapite tu.

Leo ukifika Rubavu, wilaya yetu ya Gisenyi, ukauliza nani anauza spea za Toyota, utaletwa kwangu bila kuzunguka. Lakini nilianza kwa kusukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha watu wa Goma, nikivusha magunia ya watu pale barrière, kizuizi cha mpakani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema mapema mjue anayeongea ni mtu wa namna gani.

Sasa.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Faustin. Mtu wa ofisi, Kifaransa cha puani, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukukata. Alikuwa na Corolla nyeupe. Wakati ule magari ya watu binafsi mjini kwetu uliyajua moja moja, na kila gari iliitwa kwa jina la mwenyewe. Ikipita, hata aliyekupa mgongo anasema, "Gari ya Faustin hiyo."

Mimi nilikuwa nampenda Zawadi, fundi cherehani karibu na soko. Na Zawadi, kabla yangu, alikuwa na Faustin.

Hilo nililijua. Waliachana, sikuuliza kwa nini. Nilijiambia mimi ni mwanaume, yaliyopita yamepita.

Uongo mtupu, wakuu. Yaliyopita hayaendi popote, yanapaki nje ya nyumba yako.

Siku moja ya mvua Faustin akagonga mti kwenye kona za kutoka Nyundo. Yeye akatoka mzima na tai yake shingoni. Gari ikawa kama kopo lililokanyagwa, mbele yote, upande wa dereva. Mtaalamu wa bima akaizunguka, akaandika maneno mawili: perte totale. Maana yake kuitengeneza ni ghali kuliko kuiacha. Bima ikamlipa mwenyewe, ikabaki na mzoga. Faustin akanunua nyingine, ya bluu, mpya zaidi.

Ule mzoga ukawa unauzwa. Nikaununua.

Mtaniuliza kwa nini huo, wakati mizoga ilikuwa mingi. Nitasema kweli: kwa sababu ulikuwa wa Faustin. Kilichomshinda mtu wa shule, mimi nikitembeze mjini watu waone.

Siku ya kuuvuta, Faustin akapita na bluu yake. Akasimama.

"Sha, ni we umeichukua? Bon, chukua. Mi nilishaichoka."

Vijana waliokuwa wananisaidia kufunga kamba wakacheka. Mmoja akasema wazi wazi, "Huyu naye! Kila kitu Faustin anatupa, yee anaokota."

Hakuwa anasema gari tu. Nilijua, na yeye alijua kwamba nimejua.

Kazi akaifanya Mzee Kalume, fundi bodi aliyetokea Goma. Tulianza na shasi. Mnaotaka kununua gari za hivi, macho yenu yawe kwenye shasi, rangi ni vipodozi tu. Yetu ilikuwa imepinda mbele. Tukafunga nyuma kwenye mti mkubwa kwa mnyororo, mbele tukavuta na kamyoneti ya mizigo, Mzee Kalume amelala chini anapiga kelele, "Vuta! Acha! We, nimesema acha!" Ikanyooka.

Bonet, rejeta, taa, gia boksi, mlango wa dereva, vyote nilivileta kutoka Goma kimoja kimoja. Ng'ambo kulikuwa na vita, siku nyingine barrière inafungwa unalala huko umekumbatia taa ya gari kama mtoto.

Mlango wa abiria haukuguswa na ajali. Mzee Kalume akaupiga kofi akasema, "Huu iko muzima, tuuache." Kioo chake tu ndicho kilikataa kushuka. Tulijaribu wote wawili, tukasema mashine imekufa, tutaiona baadaye.

Kwenye ukaguzi tuliangushwa mara ya kwanza, ukikanyaga breki inavuta kulia. Mara ya pili tukapita. Karatasi zikaandikwa jina langu. Mimi, msukuma chukudu.

Nikaipitisha taratibu katikati ya mji, mkono nje. Mnajua walisema nini?

"Yampayinka! Gari ya Faustin imefufuka!"

Sokoni hivyo hivyo. Kituo cha mafuta hivyo hivyo. Jasho langu, usiku wangu wa Goma, jina la yule.

Nikameza. Jumapili ilikuwa inakuja, na Jumapili nilikuwa na jambo kubwa: kumpeleka Zawadi kwa mama yake Nyamyumba, nikaongee habari ya kumuoa.

Akavaa gauni alilolishona mwenyewe. Tukashika njia ya ziwani, jua kali, anapiga stori. Joto likamzidi. Huku anaendelea kuongea, hata hakuangalia, akaweka kiganja kwenye kioo, akakisukuma mbele kidogo, akazungusha ule mkono wa kioo nusu kinyume, halafu mbele.

Kioo kikashuka laini kama kinamsalimia.

Nikasimamisha gari.

"Nani alikufundisha?"

"Nini?"

"Kioo."

Akacheka. "Aah, hii kioo? Iko na kiburi yake tangu zamani."

Tangu zamani. Hayo maneno mawili yaliniingia kuliko yale mawili ya bima.

"Ulipanda mara ngapi?"

"We! Mutu anahesabu hiyo? Mama alikuwa mugonjwa, Faustin alikuwa ananileta huku. Na we wakati ile ulikuwa wapi? Ulikuwa unasukuma chukudu."

Kwa mama yake nilikunywa chai, nikasifia migomba, nikaaga. Habari ya kuoa haikutoka mdomoni. Nilikuwa namuona Faustin amekaa kwenye kila kiti cha ile nyumba.

Kesho yake asubuhi nikawa kwa Mzee Kalume.

"Ng'oa mlango wa abiria."

"Ule muzima? Umekosa nini?"

"Mlango huo unajua mambo mengi."

Akaniangalia. "Ah. Donc ni mambo ya mwanamuke." Akachukua spana, akaung'oa huku anatikisa kichwa.

Mlango niliopata Goma ulikuwa mwekundu. Sikungoja rangi. Gari nyeupe, mlango mwekundu, nikaenda nayo mpaka kibarazani kwa Zawadi, kifua mbele.

Akatoka na futi kamba shingoni. Cherehani za wenzake zote zikanyamaza.

"Umetoa mulango."

"Nimetoa."

"Ju nilijua kufungua kioo yake."

Nikapangusa vumbi kwenye mlango mwekundu kwa kiganja.

"Bon. Kesho utatoa kiti, ju nilikikalia. Kiisha utatoa barabara ya Nyamyumba. Na macho yangu utayatoa lini? Maana ndio yalimuona."

"Yebaba we!" wenzake wakaangua kicheko, mmoja akalalia cherehani. Zawadi hakucheka. Akageuka kurudi ndani, na nikaona wazi kwamba akishavuka kile kizingiti nimempoteza.

Swali lililonitoka sikulipanga. Wivu ndio ulilipanga.

"Alikufundisha kuendesha?"

Akasimama. "Nani, Faustin? Hata ufunguo sikushika. Alisema mwanamuke ataharibu boite ya gia."

Nikachomoa ufunguo nikamwekea mkononi.

Wakuu, msiniite mtu mwema. Haikuwa wema. Nilikuwa natafuta sehemu moja ndani ya ile gari ambayo yule bwana hakumkalisha, nikaipata: kwenye usukani.

Tulijifunzia kwenye uwanja wa mpira. Gia ilivyokuwa inalia ni kama nang'olewa jino, na kila gia nimeileta mimi. Nikauma mdomo. Ananizimishia gari mbele za watu. Akaniambia, "Sema tu, iko inakuuma." Nikamwambia hainiumi. Akacheka mpaka akazima tena.

Akaiva. Mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano hawezi kushindwa na klachi.

Asubuhi moja tunakuja barabara ya ziwani, yeye kwenye usukani, mimi pembeni nyuma ya mlango wangu mwekundu. Mbele ikatokea ile bluu. Faustin akapunguza mwendo, nikadhani atatoa tena maneno yake. Hakutoa. Hakuangalia gari, hakuniangalia mimi. Aliangalia mikono ya Zawadi. Zawadi akambipia honi moja ya salamu, akabadilisha gia bila kelele, tukapita.

Ule uso wa Faustin, hakuna bima inayoweza kuulipa.

Hatukurudi mjini. Tulinyoosha mpaka Nyamyumba. Mama akatoka, akamuona binti anashuka upande wa dereva na mimi nashuka upande wa pili.

"Leo ni we umeletwa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Bon. Mutu wa kuletwa iko na neno. Sema."

Nikasema.

Nilichojifunza, kwa faida ya wenye nia: gari iliyofutwa na bima inafufuka, nimefufua nyingi baada ya hiyo. Angalia shasi, angalia breki, karatasi ziwe za jina lako kabla hujaweka rangi. Na ukiweza, nunua mzoga wa mtu usiyemjua. Ukimjua, uliza kwanza nani alikuwa anakaa kiti cha pembeni, na kama jibu haliwezi kupita kooni, tafuta mzoga mwingine.

Faustin nasikia yuko Kigali. Mke wangu akisema anaenda Kigali kununua vitambaa, bado namuuliza mtaa gani.

Haya, uwanja wenu. Mlio na wivu kama mimi semeni bila aibu. Na mnaojisifu hamna wivu, hebu tuambieni kwanza kama mlishawahi kupenda.