Kidonda Kilichofungwa kwa Moto

Mume wangu walimwita Nyundo, na hawakumpa jina hilo bure. Kutwa nzima alipasua mabodi ya malori kwa mtarimbo kwenye yadi ya vyuma chakavu, na mtu akimletea za kuleta, mtarimbo ulibadili kazi. Aliwahi kumng'oa mwenzake mmoja meno mawili kwa ajili ya betri. Nyumbani hakuwahi kuninyanyulia mkono. Hasira zote aliziacha kwenye mabati. Nilimpenda hivyo hivyo, na ubishi wake.

Watu wa yadi huongea kwa kupayuka. Misumeno ya kukatia chuma imewaharibu masikio, na hata salamu zao utadhani ugomvi.

Muuguzi wa zahanati alipowafuata na chanjo ya kukumbushia, ile ya kukinga pepopunda, dondakoo na kifaduro, Nyundo alilipiga teke boksi lake. Alidai alishachanjwa utotoni, inatosha. Muuguzi akamweleza kwamba kinga hupungua nguvu mwilini, ndiyo maana hurudiwa kila baada ya miaka kumi. Yeye akamjibu akawachome wanaonyonya. Yadi nzima ikaangua kicheko.

Kisha bati lilimchana muundi, likaingia mpaka mfupani. Kifaru, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akafanya wanachofanya wote pale: akapasha nondo mpaka ikawa nyekundu, akakichoma kidonda mpaka kikajifunga. Wanaamini moto unaua kila kitu. Kumbe uchafu wa yadi ulikuwa umeshazama ndani, sasa umefungiwa mlango. Nilimsihi aende zahanati. Akasema nisimtie aibu mbele ya wanaume.

Wiki iliyofuata taya lilikataa kufunguka. Uji ulimtoka puani. Halafu mgongo ukaanza kumvuta nyuma, akawa anatupwa kitandani utadhani kuna mtu anampiga, na damu ya ulimi ikaloanisha mto. Mwanamume aliyetisha yadi nzima alikuwa akilia kwa macho tu, maana mdomo haukumtii.

Hospitali walimlaza chumba chenye giza. Daktari alisema ni pepopunda, akanionya kwamba kelele kidogo tu inaweza kuuamsha mkakamao wa misuli, na mmoja mkali unaweza kumkata pumzi. Nikavua viatu. Nikakaa nikimwombea avuke ile siku.

Kifaru akausukuma mlango hata kabla sijainuka. Alikuja kwa mapenzi, najua. Akapayuka kama kawaida yao:

"Nyundo! Amka bwana, kazi zinakungoja!"

Mwili ulipinda, akabaki amesimamia kisogo na visigino. Nikasikia mfupa ukivunjika. Daktari akaja mbio, akamkandamiza kifua, akahangaika naye kwa muda mrefu. Pumzi haikurudi.

Nilimrukia Kifaru. Nilimpiga ngumi za uso, nikamrarua shati, nikamng'ata bega. Jitu zima lile likasimama tu likipokea, machozi yakimchuruzika. Akainua mkono kufuta damu puani, na hapo nikaona kiganja chake: kidonda kibichi, cheusi, kimefungwa kwa moto.

"Hiki cha lini?" nikamuuliza.

"Cha jana, shemeji."

Nikamkamata shingo kwa mikono ile ile iliyokuwa ikimpiga, nikamburuta hadi kwa muuguzi wa vidonda.

"Mfungue hiki kidonda, kisha mchome ile chanjo," nikamwambia. "Huyu simziki."