Kibao cha Mlango wa Mashine

Mimi huandika vibao. Hapa Mikumi, ukishuka kwenye basi la Iringa, vibao vingi unavyoviona kando ya barabara kuu, vya gereji, vya gesti, vya muuza supu, vimepita mikononi mwangu. Watu wakimwona mwanamke juu ya ngazi na brashi mdomoni huniuliza mume wangu amenikosea nini mpaka nimkimbie hadi huko juu. Huwajibu kwamba wateja wenye maswali hulipa zaidi. Lakini kibao cha kwanza maishani mwangu nilikiandika nikiwa kidato cha tatu, na hadi leo nina wanawake wawili wa kuwashukuru kwa sababu yake.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza. Baba alipunguzwa kazi ya reli Kilosa, akarudi kijijini kwetu upande wa Mvumi, na kiinua mgongo chake kikawa mashine ya kusaga. Maduka yalikuwa yamejaa sabuni za kila rangi na mitumba ilikuwa inamwagwa Dumila kwa marobota, ila wanaume waliokuwa wakikata mkonge mashambani walishinda barazani wakitazama vidole vyao. Mtu asiye na kazi hutafuta wa kumlaumu, na sisi tulimpata karibu. Wafugaji kutoka kanda ya Ziwa walikuwa wamehamia na ng'ombe na watoto wao, wakalima upande wa pili wa mto. Kiangazi kimoja ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa kaka wa mwenyekiti wa kijiji. Hakuna aliyesubiri kujua ni ng'ombe wa nani. Kikao kikaamua kwamba wafugaji wote, mwenye kosa na asiye na kosa, wasiuziwe kitu na wasisagiwe, mpaka wachoke wenyewe wahame.

Mimi nilikuwa likizo. Mwandiko wangu ulijulikana kijiji kizima, kwa hiyo baba akaniletea ubao na kopo la rangi. Nilipiga mistari kwa rula. Nikaandika WAFUGAJI HAWASAGI HAPA, na kila herufi nikaiwekea kivuli chekundu upande wa kulia. Vijana waliojipa kazi ya kusimama mlangoni na fimbo walinipigia makofi. Sitadanganya, nilifurahi sana. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakitazama, nikarudi tena kunyoosha mguu wa herufi R.

Shule ilipofunguliwa nilirudi bweni Kilosa. Mwalimu wetu wa historia alikuwa mama mfupi mwenye sauti kavu na hasira za karibu, na mada ilikuwa kukua kwa nguvu za Wanazi kule Ujerumani. Kwa kawaida tuliimba sababu sita kwa Kiingereza cha kukariri, tukazitapika kwenye mtihani, tukazisahau. Siku hiyo alitusikiliza tukiimba, kisha akafunga mlango. Kuongea Kiswahili darasani kulikuwa kosa hata kwa mwalimu. Akaanza Kiswahili.

"Acheni kumwangalia yule kiongozi anayepiga kelele jukwaani," alisema. "Niambieni habari za jirani yake. Kazi zimeisha, pesa haina thamani, watu wanaona aibu ya kushindwa vita. Chama kinakuja, kinawaambia shida yenu ina sura, ni yule pale mwenye duka, Myahudi. Mnakipigia kura. Kikishika serikali kinafunga vyama vingine, na siku moja asubuhi unakuta vijana wenye mashati ya kahawia wamesimama mlango wa duka unaponunua mkate. Bado hajauawa mtu wa duka lile. Vita vya pili bado miaka kadhaa. Wewe unafanya nini?"

Darasa zima tulikuwa na kitabu kimoja. Alikipitisha dawati kwa dawati ili tuone picha. Vijana wawili walikuwa wamesimama mlangoni pa duka, mmoja ameshika kibao. Wenzangu waliocheka walicheka suruali za vijana wale. Mimi nilitazama herufi. Zilikuwa zimenyooka, nafasi sawasawa, kazi safi kabisa.

"Kibao hicho hakikujiandika," mwalimu alisema. "Kuna mtu mwenye mwandiko mzuri aliombwa, akaona sifa."

Hakujua chochote kuhusu kijiji chetu. Nilihisi uso unachoma kama nimeinama juu ya chungu kinachochemka. Nilimpitishia mwenzangu kitabu, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikalia huko na harufu yote ile.

Jumamosi nilikwenda nyumbani nikamwomba baba akitoe kibao changu. Nikamsimulia Ujerumani nzima, duka, mashati na kila kitu. Baba alisikiliza huku anafuta grisi mikononi. "Mwanangu," alisema, "vijana wale wana kiberiti. Nikitoa kibao watachoma mashine, na hiyo mashine ndiyo kula yenu." Nilimwona mwoga na nikamwambia, jambo ambalo mtoto wa kwetu hamwambii baba. Hakunipiga. Aliendelea kufuta grisi, na sasa ninajua kwamba aliogopa kwa sababu alikuwa na watu wa kuwaogopea.

Nilimkuta bibi, mama yake baba, amelala anaumwa. Kabla sijarudi shule akafariki. Wajumbe walitumwa Dumila, Kilosa, kila penye ndugu. Ng'ambo ya mto hakutumwa mtu. Na huko ndiko alikokuwa mtani wa bibi, mama mzee wa wafugaji. Watu wao na watu wetu wana utani tangu enzi za misafara, na hawa wawili waliutumia vizuri. Bibi alimwita harufu ya zizi, naye akamwita bibi mla majani, kila siku ya kusaga, mpaka foleni inashika mbavu. Kwetu msiba bila mtani ni bubu. Mtani akija anafanya atakalo, anatukana maiti, anachukua kitu, na ukimkasirikia aibu ni yako.

Asubuhi, wanaume wakienda kuchimba kaburi, nilichukua baiskeli bila kuaga, nikavuka mto kwenda kwa mtani. Nilimkuta anatwanga mahindi kwenye kinu, amelowa jasho. Kwa wiki zile zote ndivyo walivyokuwa wakiishi. Nilimwamkia. Alinitazama, akatwanga mara mbili tatu, ndipo akaitikia marahaba. Nikamwambia bibi amefariki.

Mchi ukamponyoka. Alilia akiwa amesimama, bila kujifunika uso. Kisha akauliza, "Nani kakutuma?"

"Hakuna, bibi. Nimekuja mwenyewe."

Tulikuwa tumetoka kuzika alipotokea na wanawake wawili, debe la mahindi kichwani. "Umekufa bila ruhusa yangu, mla majani wewe!" alipiga kelele toka mbali. "Sasa nitamtukana nani?" Hakuja kwenye jamvi. Alikwenda moja kwa moja mashineni, na vijana wakainua fimbo.

"Haya ni mahindi ya msiba," aliwaambia. "Nani anamnyima maiti wangu ugali wa waombolezaji wake?"

Vijana wakamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Baba akapita katikati yao na kanzu yake ya mazishini, akawasha injini mwenyewe. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote. Mtani hakuishia hapo. Alinyoosha mkono, akang'oa kibao changu msumarini, akawapelekea wapishi. "Watani, mmeniwekea kuni, asanteni!" Shangazi akacheka kwanza, akiwa bado na machozi, kisha wote, hata kijana mmoja mwenye fimbo. Rangi ilitoa moshi mweusi. Ugali ulioiva juu yake tuliula wote, na mwenyekiti aliomba kuongezewa.

Ugomvi wa mpunga ulisuluhishwa polepole, na familia mbili zilihama hata hivyo. Lakini mlango wa mashine haukufungiwa mtu tena. Mwalimu yule alihamishwa mwaka uliofuata na sijui aliko. Namshukuru kwa kufunga mlango ule na kuvunja sheria ya lugha. Angetuacha na sababu sita, ningefaulu mtihani tu.

Siku niliyokuwa narudi shule, mtani alikuja kusaga. Nilimshikia gunia, nikamwambia kibao kile kiliandikwa na mimi.

"Najua," alisema. "Nani mwingine hapa ana mwandiko ule? Nilijua tangu siku ya kwanza. Ulipokuja na baiskeli nilitaka kukufukuza."

"Mbona hukunifukuza, bibi?"

Alifunga gunia, akakaza fundo. "Uliniamkia," alisema. "Tangu kile kibao kitundikwe, hapakuwa na mtoto wa kijiji hiki aliyenipa shikamoo."