Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Mama yangu alifika asubuhi kwa miguu kutoka mtaa wa Dilala, akafungua mlango wa gari letu, ile 404, akaketi kiti cha mbele kando ya dereva, akaweka kifurushi chake miguuni. Hakunisalimu. Mlango aliubamiza, na alijua vizuri kwamba ule mlango haupendi kubamizwa.

Hiyo ndiyo siku tuliyopewa ya kuondoka. Mume wangu alizaliwa Kolwezi, katika nyumba za Kampuni ya migodi, na Kasai hakuwahi kuiona hata kwa picha. Lakini babu yake alitoka huko, na mwaka ule hilo lilitosha kumfanya mgeni. Kule kwenye mgodi wa Mashamba mashine zilikuwa zimesimama, watu wana njaa, na mwenye njaa hutafuta wa kumlaumu. Vijana walipita mitaani wakiimba kwamba bilulu, yaani wadudu, warudi kwao. Mimi ni Muluba wa hapa Katanga, kwa hiyo sikufukuzwa. Mimi niliambiwa nichague.

Nilikuwa nimechagua. Stesheni ilijaa watu wanaolala nje wakingoja treni isiyokuja, basi tulipanga kupita kwa gari njia ya Sandoa na Musumba mpaka tuingie Kasai. Ndugu zangu walisema nimwache aende peke yake. Mama yangu hakusema neno, na sasa alikuwa amekaa ndani ya gari lenyewe, gari ambalo tangu jana lilikuwa limekataa kuwaka.

Msomaji asiyetoka kwetu atauliza kwa nini mume wangu hakumwomba tu ashuke. Aombe vipi? Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na akimwona njiani anaingia hata kwenye majani. Kukaa naye kiti kwa kiti ni aibu ambayo watu wataisimulia mpaka kwa wajukuu. Mama alilijua hilo kuliko sisi wote. Nikaona amekuja kunizuia, na ametumia heshima kama mwingine anavyotumia komeo. Nilikasirika. Halafu nikamwonea huruma, halafu nikakasirika tena. Sikujua nishike lipi niache lipi.

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa Kampuni, na gari lile alilijua kama kiganja chake. Alikwenda kusimama nyuma ya jiko, ameupa mgongo ua, akaanza kunipigia kelele kutoka huko. Mimi nikaingia upande wa dereva. Mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye kazi yangu ndani ya gari ilikuwa kushika kikapu.

"Mataa ya mbele inawaka muzuri?"

"Inawaka!"

"Basi batri iko bien. Zungusha fungulo."

Ufunguo uliingia, ukagoma. Akaniambia nitikise usukani huku nikizungusha, kwa sababu kufuli ile inafunga na usukani pia, na gurudumu likiegemea jiwe ulimi wa kufuli unabanwa. Nikatikisa. Ufunguo ukakubali, taa nyekundu ya mbele yangu ikawaka, ikafifia, ikazimika.

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

"Ata tik?"

"Ata tik!"

"Basi shida haiko mu motere. Iko mu kontakte yenyewe, pale pa fungulo. Toa kwanza waya ya batri, usiniunguze nyumba."

Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wakicheka. Wengine walikuwa walewale waliotuonyesha kwa vijana. Mmoja wao alinikopesha bisibisi, na mpaka leo sijui kama alinisaidia kwa wema au alitaka tu tuondoke upesi apate nyumba. Nilimshukuru.

Nikatoa waya, kisha nikafungua kifuniko chini ya usukani. Nyuma ya kufuli kuna kipande cha duara ambacho ufunguo unakizungusha, na ndani yake vijiti vya shaba vinagusana ili umeme upite. Vyetu vilikuwa vyeusi kama chungu. Sisi watu tunaolala juu ya shaba ya dunia nzima! Nilipokivuta, springi ndogo iliruka. Nikaitafuta sakafuni, chini ya kiti, maana bila hiyo springi hakuna safari. Mkono wa mama ukanyooshwa mbele yangu. Springi ilikuwa kwenye kiganja chake.

Nilimtazama. Yeye alitazama kioo cha mbele. Kama amekuja kunizuia, si angeificha tu ndani ya kitenge? Nikasugua shaba kwa ubavu wa kiberiti mpaka ikang'aa, nikarudisha kila kitu, nikafunga waya ya batri, nikazungusha. Gari likanguruma. Nyuma ya jiko mume wangu alipiga kelele kama mtoto.

"Zimisha," mama akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Basi ndiyo hivyo, nikawaza, ananikataza. Nikazima.

"Washa tena."

Nikawasha.

"Zimisha. Washa."

Niliwasha na kuzima mpaka mkono ukazoea. Ndipo akachukua kifurushi chake, akakiweka mapajani mwangu. Kilikuwa na mihogo ya kuchemsha.

"Bakimushusha bwana yako ku barrière, weye usishuke. Washa, wende. Mi siwezi kulilia bantu babili."

Akatoka, akajifunika kitenge kichwani, akazunguka nyumba kwa upande mmoja wakati mume wangu anakuja kwa upande mwingine, wasionane. Hatukuagana.

Kwenye barrière, kizuizi cha vijana nje ya mji, walimshusha kweli mume wangu. Walimpeleka nyuma ya kibanda. Kijana mmoja akainua mti uliofunga njia, akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, weye ni wa kwetu, pita." Njia ilikuwa wazi mbele yangu. Nilihamia kiti cha dereva, nikashika ufunguo. Nilisikia sauti ya mama, na nilisikia pia sauti za nyuma ya kibanda, na kichwani hakukuwa na wazo hata moja linalosimama. Nilikaa tu.

Alirudi bila viatu, bila koti, mdomo umevimba. Aliniona nimekaa, akasimama.

"Juu ya nini haukuenda?"

"Fungulo imekatala tena," nikasema.

Nilimpisha. Akaketi, akaushika ufunguo, ukazunguka bila shida na gari likawaka mara moja. Alinitazama, kisha akaingiza gia.