Maji Moto kwa Mutamaiyu

Huku kwetu Nyeri kila kitu hukataa. Gari likizima barabarani, limekataa. Ugali usiposhikana, umekataa. Sikuwa na neno na usemi huo mpaka kaka yangu alipoanza kuusemea juu ya beseni langu la mbegu.

Mama alipokuwa mgonjwa alituomba jambo moja tu: mtoto wa mutamaiyu wake apandwe kwenye kaburi lake. Mutamaiyu ni mzeituni wa porini, na huo wake uliota wenyewe kwenye mpaka wa shamba kabla yeye hajaolewa pale. Tulimzika. Maua ya kaburini hayajanyauka, kaka yangu, mkubwa wetu aliyebaki nyumbani, akaukata mti na kuwapa wachoma makaa. Ati mizizi ingepasua msingi wa nyumba anayotaka kujenga! Nilikasirika hata machozi yakakataa kutoka. Nikapiga magoti kwenye matawi yaliyolala chini, nikachuma matunda moja moja, meusi madogo, mpaka nikajaza mkebe wa mafuta ya kupikia.

Mimi ni mtu wa miche. Nina kitalu nyuma ya nyumba yangu hapa Ruring'u. Najua mutamaiyu hauna haraka na mtu. Mbegu yake imejifungia ndani ya kokwa ngumu, na huko msituni humsubiri ndege aimeze, aitoe, kisha ikae tena ardhini ikijishauri. Nilisugua nyama ya tunda yote ikatoka. Nikabana kila kokwa kwa koleo mpaka ikapata ufa mdogo, nikaziloweka siku mbili kwenye maji baridi. Baridi, nasema. Kisha nikazipanda zote kwenye beseni kuukuu lenye matundu, nikangoja.

Kaka alikuwa akipitia kwangu kila Jumapili akitoka kanisani. Alilichungulia beseni, akatikisa kichwa.

“Hii kitu yako imekataa.”

“Imelala,” nilimjibu. “Wacha ilale.”

Nilijua anachotaka. Alitaka mche uote upesi, aupande, watu wauone, dhamiri yake ipoe. Miezi miwili ikapita, ukungu na baridi vikaingia, udongo ukabaki vile vile. Imekataa, imekataa, kila Jumapili.

Siku moja nilipeleka miche ya parachichi kwa mteja mjini Kagio. Niliporudi nilimkuta kaka kitaluni, birika langu liko mkononi mwake, anatabasamu.

“Nimekusaidia. Nimewekea maji moto, vile mama alikuwa anafanyanga na muthanduku.”

Muthanduku ni ile miti ya kuni iliyojaa vilima vyetu. Mbegu yake bila maji ya moto haiamki, na kila mtoto aliyelelewa huku amewahi kumshikia mama yake birika. Kaka yangu alikuwa ameziua mbegu za mama kwa ujuzi wa mama. Ndiyo maana nilishindwa hata kumwita mjinga. Hapana, nisiseme uongo, nilimwita. Nilimwita mara tatu, na nikaongeza mengine ambayo mke wa shemasi kama mimi hapaswi kuyajua.

“Sasa makelele ni ya nini?” akasema. “Si ilikuwa imekataa tayari?”

Nikachimba kwa kidole. Udongo ulikuwa bado una joto. Nikatoa kokwa ya kwanza. Ule ufa wa koleo ulikuwa umepanuka, na mzizi mweupe ulikuwa umechungulia nje, mfupi kuliko punje ya mchele. Nilipougusa ulilegea. Ulikuwa umeiva. Nikatoa ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, hivyo hivyo. Nikazifuta udongo, nikazitia kwenye kiganja chake.

Akaweka birika chini.

“Kumbe ilikuwa imekubali,” akasema.

Nikamwambia aende akamwambie mama.