Mashahidi wa Chokaa Katika Ukuta wa Mwaya

Ujumbe ulinifikia Alhamisi asubuhi nikiwa kwenye foleni ya kutoa nakala, Kyela mjini: "Fundi wetu hatunaye. Maziko kesho Ikolo." Aliyeutuma ni mama mwenye duka la vitenge kule Mwaya, mtu ambaye kwa kawaida huandika salamu nne kabla ya kulifikia jambo lenyewe. Safari hii hakuweka hata moja. Nilianza kumjibu nikafuta, nikaanza tena nikafuta, nikijiuliza kama "pole" moja inatosha, na kama nina haki ya kusema "wetu" juu ya mtu niliyemfahamu kwa miaka miwili tu. Mwishowe nilituma neno moja, "nakuja", kisha nikakaa nikihofia kwamba limeonekana kavu. Wasomaji wa safu hii mnanijua. Naweza kulitafakari jambo mpaka wakati wake upite. Leo naomba mnivumilie, kwa sababu tabia hiyo ndiyo iliyonitia katika aibu ninayotaka kuieleza, na marehemu alikufa akingoja niieleze.

Alikuwa mwashi, tena wa aina ambayo wamebaki wachache: mwashi wa kuta za zamani, zile za tofali za kuchoma zilizoshikanishwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Siku hizi mtu akitaja Mwaya anafikiria mpunga, kokoa na migomba. Wachache wanakumbuka kwamba pale palikuwa na bandari, na kwamba bandari ilileta maghala na maduka yenye baraza za nguzo za mbao, kabla meli hazijahamia kwingine na mafuriko kuondoka na sehemu ya kilichobaki. Yeye alivijua vilivyosalia kimoja kimoja, na kila Jumamosi saa tatu asubuhi aliwatembeza waliotaka kuviona, kuanzia pale malori yanapogeuzia hadi kwenye majaruba. Hakuwa na karatasi wala kipaza sauti. Alikuwa na mwiko wake wa kazi, ambao aliutumia kuelekeza macho yetu kwenye paa, kwenye msingi, au kwenye mistari ya mkaa ambayo wenye nyumba walichora ukutani kila maji yalipoingia, kuonyesha yalifika wapi. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kusema lolote juu ya nyumba kabla hujaigusa kwa mgongo wa mkono. Kiganja, alisema, kimezoea kazi, hakisikii tena unyevu.

Watu walimcheka, na yeye alijua. Siku moja mwanafunzi aliyetoka mbali, viatu vimejaa tope, alimuuliza kwa adabu mji wenyewe uko wapi hasa. "Umeukanyaga tangu saa tatu," alimjibu, akaendelea kutembea. Mwisho wa ziara alitusimamisha juu ya tuta la jaruba, miguu imebanana, akatuambia hapo ndipo mizigo iliposhukia. Palikuwa na mpunga tu na kunguru wawili, na wengine wakaanza kucheka. Hakukasirika. Alisema sisi wa huku maji yakiondoka tunalima, lakini kulima hakumaanishi maji hayakuwapo. Nilitoka pale nikiwaza usiku na mchana kwamba nimezaliwa wilaya hii, nimesoma hadi chuo kikuu, nimekariri miji ya watu, na sijawahi kuuliza kwa nini Mwaya kuna duka lenye nguzo tisa.

Kisa wanachokisimulia zaidi ni cha familia moja ya wakulima wa kokoa. Msimu ulikuwa mzuri, wakataka kumuenzi babu yao marehemu kwa kuipiga nyumba yake plasta ya saruji, ndani na nje, na rangi ya bluu juu yake. Fundi alikataa kazi hiyo. Akaitwa mwingine, akaifanya, nyumba ikapendeza. Masika ya pili ukuta wa nyuma ukavimba kama tumbo, ndipo wakamrudia. Alikuja akaanza kubandua saruji yote, mbele ya majirani, na mkubwa wa familia akalalamika kwamba anawavua nguo hadharani. "Navua koti la mvua tu," alisema. "Ukuta wa udongo unatoa jasho, nanyi mmeufunga vifungo mpaka shingoni. Babu yenu yumo humo anataka hewa." Nyumba ile imesimama hadi leo, na rangi ya bluu imebaki mlangoni tu.

Sasa nije kwangu. Nilipomaliza chuo nilijiunga na vijana wenzangu wachache tukaorodhesha majengo ya zamani ya wilaya yetu, kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo nilipokutana na fundi. Kila jengo lilikuwa na fomu yake, na mstari wa mwisho uliuliza hali: imara, wastani au dhaifu. Katika lile duka la nguzo tisa, ambamo mama wa vitenge amepanga tangu ujana wake, niliona ufa uliopanda kutoka juu ya mlango hadi darini. Juu ya ufa huo palikuwa na mabaka matatu ya chokaa, kila moja ukubwa wa andazi. Niliandika: ufa mkubwa, umezibwa ovyo, hali dhaifu. Sikumuuliza mtu. Niliwaza kwamba nikisema imara kisha jengo likaangukia watu, jina langu litakuwa chini ya karatasi. Lakini hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kusema kitu ni dhaifu. Niliiita tahadhari. Nikiitazama leo, naona nilikuwa namlinda mtu mmoja tu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Nakala za fomu zilipelekwa kwa wenye majengo. Wa duka lile ni warithi wanaoishi mbali, ambao kwa muda mrefu walitaka kubomoa na kujenga fremu za biashara. Miezi michache baadaye mama wa vitenge akapokea barua ya kuhama, na nyuma yake wamebandika ukurasa wangu. Jumamosi iliyofuata fundi aliwaleta wageni wake mbele ya ule ufa, nami nikiwamo. Alinyoosha mwiko kwenye mabaka ya chokaa. Haya, alisema, hayakuziba chochote. Haya ni mashahidi. Ufa ukitembea hata kwa unene wa uzi, chokaa hupasuka kwanza. Aliwaweka yeye mwenyewe wakati binti wa mama huyu anatambaa, na sasa binti yuko sekondari. "Hawajapasuka hata mmoja," alisema, bila kumtazama mtu. "Ila kuna aliyewaona akawaita uzembe."

Nilisubiri wageni waondoke. "Ni mimi, baba," nilimwambia.

"Najua. Mwandiko wako umenyooka kama wa cheti."

Nilitaka anigombeze au anisamehe, lolote kati ya hayo lingenipa usingizi. Nikamwomba awaeleze warithi habari za mashahidi. Alisema amekwisha kuwaeleza, wakamjibu kwamba wao wana karatasi ya msomi. "Mimi nina mwiko," alisema. "Mwiko haufuti wino. Wewe uliandika, wewe ufute."

Nikaahidi. Kisha nikafanya ninachokifanya siku zote. Niliandika rasimu ya kwanza ya barua kwa warithi nikaona ni ya kujitetea, ya pili nikaona ni ya kulia, ya tatu nikaogopa kwamba huenda sasa nikawa naharakisha kusema ni imara. Masika yakaingia, yakapiga, yakaisha, mama wa vitenge akiwa bado hajahama. Kila Jumamosi aliniona, akanisalimia kwa Kinyakyusa kama desturi yake, kisha akauliza: "Ndaga, msomi. Barua imekauka?" Bado, baba. "Hata plasta haichukui muda huo," angesema, akaendelea na ziara. Nilikuwa kwenye rasimu ya sita siku ujumbe ule ulipoingia.

Tulimzika Ikolo siku ya Ijumaa, watu wamejaa hadi kwenye migomba. Tulipokuwa tunakula chini ya turubai, mmoja wa warithi alikuja kukaa karibu nasi. Ni kijana mwenye heshima zake, na alikuwa amesafiri kuja kuzika, nami namshukuru kwa hilo. Alisema fundi alikuwa mtu wa watu. Halafu akashusha sauti: "Ila lile jengo, dada, tuseme ukweli. Wewe mwenyewe ulisema ni dhaifu."

Mama wa vitenge aliinamia sahani yake. Nilisikia rasimu zote sita zikijipanga kichwani, kila moja na "hata hivyo" yake. "Nilikosea, kaka," nilisema. "Niliandika kabla ya kuuliza. Kesho saa tatu njoo uone mwenyewe."

"Na nani atatutembeza? Fundi ndiye huyu tumemzika."

"Mimi."

"Na usije umetia mikono mifukoni," mama akaongeza bila kuinua kichwa. "Kule tunagusa ukuta."

Kijana yule alikuja, kachelewa kidogo. Tulikuwa saba. Nilisahau nyumba moja, na kwenye nyingine nilichanganya mistari ya mafuriko, mama akanirekebisha mbele ya wote. Lakini tulipofika dukani niliwaweka mstari mmoja, kila mtu akagusa kwa mgongo wa mkono, na mrithi akagusa pia. Ukuta ulikuwa mkavu, wiki chache tu baada ya masika yaliyowahamisha watu. Mashahidi watatu walikuwa wazima. Aliwatazama mmoja mmoja, akasema atazungumza na ndugu zake. Sijui watazungumza nini. Barua yangu nilimkabidhi palepale, ukurasa mmoja, wenye wino ambao nadhani haukuwa umekauka vizuri.

Tumefundishwa kwamba kitu kikizeeka, wajibu wa kuthibitisha kuwa kinafaa ni wake. Hatuulizi aliyekaa nacho, tunauliza fomu. Na sisi tuliosoma tukiingiwa na woga, tunaandika neno linalotukinga, tunaondoka, na neno hilo linabaki likimfanyia mtu mwingine kazi ya kumtoa nyumbani kwake. Nilichojifunza kwa mwashi ni kidogo na ni kigumu: anayeandika juu ya ukuta arudi kuutazama baada ya mvua, na akikuta alikosea, aseme mapema, kabla aliyemwamini hajafukiwa. Shahidi mmoja akipasuka nitakuwa wa kwanza kumwambia mama atoke humo. Mpaka siku hiyo, nitakuwa pale malori yanapogeuzia, kila Jumamosi saa tatu. Jengo lina wenyewe, na uamuzi bado ni wao. Anayetaka kuubomoa ukuta ule aubomoe kwa jina lake. Langu nimelitoa.