Chupa Moja kwa Wazee Wanne

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu umezoea brashi ya rangi kuliko kalamu. Tahajia nayo itanishinda mahali. Ukurasa huu umenila jioni mbili.

Mimi hupaka mashua rangi kule Liwatoni. Ni mtu wa haya. Nikisema mbele ya watu, huziba mdomo kwa kiganja, na maneno huishia humo humo. Kwa hiyo siku ya kwenda Tononoka kujitambulisha kwa wazee wa mchumba wangu, nilimwomba fundi wangu awe mshenga. Yeye aseme, mimi nikae.

"Uje na divai ya wazee wangu," mchumba wangu aliniagiza. "Wako wanne: baba, mjomba, shangazi na nyanya."

Dukani muuzaji alitupangia chupa za kawaida, kisha akashusha moja kubwa kutoka rafu ya juu.

"Divai ni ileile," alisema. "Ila hii inabeba kiasi cha chupa mbili."

Kwetu bara wazee hunywa chungu kimoja. Ukimpa kila mtu chake ni kama kusema hawapatani. Tena niliitazama ile kubwa nikaona itanisemea. Nikaichukua.

"Hiyo si chupa, ni mtungi wa gesi!" fundi alicheka.

Nimepanga chumba Kibokoni kwa mama mmoja Mwislamu, na kwa heshima yake sikuipitisha nyumbani. Tulitoka dukani moja kwa moja hadi Tononoka, nimeipakata kama mtoto mchanga.

Fundi alisema vizuri sana. Alipomaliza, niliiweka chupa mezani. Mjomba aliinama akachungulia chini ya meza.

"Na zingine ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipoelezwa. Kwao, kila mzee hupewa chupa yake mkononi, akaenda nayo kwake. Akiipokea, amekubali. Asiyepewa hajaulizwa.

"Sasa hapa ameulizwa nani?" mjomba alisema. "Kama ni baba peke yake, mimi nachukua kofia yangu naondoka."

"Kaa," shangazi alimwambia. "Kofia yenyewe hukuja nayo."

Watu wakacheka, lakini mjomba hakucheka. Mchumba wangu alikuwa mlangoni na sinia ya mahamri, uso umemshuka. Niliona namkosa hivi hivi, kwa sababu ya chupa.

Fundi alitaka kusema, nyanya akamwinulia mkono. "Wewe umeshasema. Mwenye chupa ndiye sijamsikia." Akanigeukia. "Fungua, mwanangu. Kila mtu umtilie glasi yake, umuulize mwenyewe."

Nikasimama. Chupa ya kawaida ningeishika kwa mkono mmoja, na ule wa pili ungekwenda mdomoni. Hii ilitaka yote miwili. Sikuwa na cha kujizibia.

"Baba, naomba unipe binti yako."

Akapokea glasi. Nikaenda kwa shangazi.

"Sauti, mwanangu. Hatung'ati."

Nikarudia kwa nguvu, hata mtoto wa jirani akachungulia dirishani. Shangazi akapokea. Mjomba alikunja mikono.

"Mjomba," nilisema, "sikukusahau. Kwetu chombo ni kimoja, ndiyo maana. Nakuuliza na wewe."

Alinitazama, akaitazama chupa ilivyoanza kumwinamia. "Mimina basi, kabla hujaniogesha."

Kwa nyanya maneno yaliniishia. "Nyanya, mimi sijui kusema. Nikikosea utanifunza."

Akaonja, akakohoa, akafuta machozi. "Kali hii! Nimekubali, isije ikaniua kabla sijasema."

Mchumba wangu aliweka sinia chini, akacheka mpaka akakaa. Fundi aliniambia njiani kwamba kwa mwaka mzima kazini hajanisikia nikisema maneno mengi kama yale.

Sasa harusi inakaribia na nimerudi palepale. Mchumba wangu anataka chupa nne za kawaida, mambo yaende kwa desturi. Mjomba ameleta salamu kwamba yeye anataka ile kubwa, na niimimine mwenyewe, nikisema. Nyanya hajaamua.

Ninyi mliokwisha kuposa, niandikieni: mlichukua ipi, na wazee walisemaje? Andikeni herufi kubwa. Hata kusoma nasoma polepole.