Odowa Iko Ukurasa Gani?

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama kanisani aliniambia niandike, halafu niwasomee. Nilifika darasa la nane tu, kwa hivyo nikikosea mnivumilie. Nitajaribu kusema mambo yalivyokuwa, hata pale mwenye makosa ni mimi.

Mnanijua. Nauza mitumba Katito, nguo za wanawake. Kabla ya ugonjwa nilikuwa kilo sabini na moja, na siku ya soko sikukaa chini mpaka jioni. Nilikuwa pia na daftari langu la kuandika siku ilivyokwenda. Hilo daftari mlishike akilini.

Tumbo lilianza baada ya mvua ndefu. Maumivu yalikaa chini ya kitovu, yananyonga kama mtu anayekamua nguo. Choo kilikataa siku nne, tano, na kikija, jasho linanitoka. Chakula nikakikinai. Nikakonda mpaka nikaanza kuvaa nguo za kuuza, kwanza za wastani, kisha ndogo, mwishowe gauni la msichana wa sekondari.

Jirani yangu sokoni, yule tunayemwita Nyar Sondu kwa vile ametoka Sondu, akanitazama akasema, "Mama Achieng', wewe utamaliza belo zima la nguo ukirudi utotoni."

Nilicheka. Nilipofika nyumbani nililia.

Zahanati walinipa dawa ya vidonda vya tumbo, nikameza mwezi mzima. Hospitali ya Kisumu walinipima virusi, hakuna. Wakapiga picha ya tumbo, hawakuona kitu. Lakini niseme kweli: walinipa pia kikopo cha kupima choo. Siku hiyo choo hakikuja, nikaenda na kikopo nyumbani, nikakiweka juu ya kabati na sikukirudisha. Miezi yote niliyokuwa nikilaumu hospitali, kikopo kilikuwa pale juu kinaniangalia.

Mama mkwe alikuwa na jibu lake. "Ulipanda mahindi kabla yangu. Hiyo ni chira." Chira ndiyo ile hali ya kudhoofika inayomfuata aliyevunja mila. Na ni kweli nilitangulia kupanda. Yeye alikuwa ameenda kwa binti yake, na mvua haingojei mtu. Sitamsema vibaya. Mama huyo huyo ndiye aliyeniletea uji kila asubuhi.

Nilipofika kilo hamsini na tatu, mume wangu akasema, "Twende kwa Mhindi." Kuna mzee mjini Kisumu anayetibu kwa Ayurveda, dawa za asili za kwao India, na alikuwa amemsaidia mwenzake kazini.

Mzee aliniwekea vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono. Akatazama ulimi. "Mama, moto wa tumbo umefifia," akasema. "Chakula kinalala ndani, hakisagiki."

Hilo lilikuwa neno la kwanza kuniingia akilini tangu niugue. Akanipa unga wa matunda ya aina tatu yaliyokaushwa, niunywe na maji ya uvuguvugu. Tangawizi na chumvi kidogo kabla ya kula. Wali uliopikwa laini pamoja na ndengu. Samaki wa kukaanga niache kwanza, na ugali uliolala nisiuguse.

Mume wangu alipoona sahani akauliza, "Sasa tumekuwa kuku?"

Mzee aliagiza jambo lingine: niandike kila kinachoingia mdomoni. Nilifurahi. Angalau hapo nina ujuzi.

Nikaandika wiki sita. Choo kililainika, na sifa hiyo ni ya mzee. Hamu ya kula ilirudi kidogo. Lakini mizani iliendelea kushuka: hamsini na mbili, hamsini na moja. Nilikasirika. Nafuata kila kitu, kwa nini naisha? Mara ya tatu kwenda kwake nililiweka daftari mezani kwa nguvu. "Daktari, soma. Nimekosea wapi?"

Akafungua. Akafunua ukurasa, na mwingine. Akakomea katikati ya daftari, akasugua vidole. Kwenye mkunjo wa karatasi kulikuwa na vumbi la kijivu.

"Huu ni unga gani?"

"Si unga. Ni odowa, imemwagikia kwa mkoba."

"Odowa ni nini?"

Nikamtolea kipande, lile jiwe laini la udongo wa kula linalouzwa sokoni. Nikakiuma kidogo aone.

"Kwa siku unakula ngapi?"

"Sili, daktari. Natafuna tu."

Akavua miwani. "Na odowa iko ukurasa gani?"

Haikuwa ukurasa wowote. Akina mama, mnajua. Tunaanza na mimba, na wengine hatuachi. Mimi nilianza na mimba ya Achieng', na sasa Achieng' yuko kidato cha pili. Nyar Sondu anaiuza hatua mbili kutoka kwangu, inanukia kama mvua ya kwanza. Nani anaiita chakula? Na tangu niugue nilikuwa namaliza mfuko mzima kwa siku, kwa sababu ndicho kitu pekee kisichonichefua.

Mzee akasema, "Ningekuuliza mapema, sikujua. Lakini dawa yangu haitoshi hapa. Rudi hospitali leo, upimwe damu na choo."

Safari hii kikopo nilikirudisha. Nilikuwa na minyoo, na damu ilikuwa imepungua sana. Daktari, msichana mdogo tu, aliniambia, "Mama, damu ikipungua, mwili unatamani udongo. Ukila udongo, damu inazidi kupungua. Umekuwa ukizunguka hapo." Nikapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Vidonge vikafunga choo tena, nikamuuliza kama naweza kuendelea na ule unga wa mzee, akaniruhusu.

Leo nina kilo sitini na sita. Kipi kilichoniponya zaidi, sijui, na sitawadanganya. Bado nina hasira, kwa sababu ningeweza kufa na kalamu mkononi. Namshukuru Mungu, mume wangu, mzee wa Kihindi, yule daktari, na mama mkwe kwa uji.

Ukikonda bila sababu, hospitali kwanza, na wakikupa kikopo, kirudishe. Dawa za mzee hazikunidhuru, ila zilikuwa zinatibu mwanamke niliyemwandika, na mimi nilikuwa mwingine.

Jumanne mvua iliponyesha nilinunua kipande kimoja cha odowa, nikakila. Nimekiandika kwenye daftari. Na wewe uliye nacho mdomoni sasa hivi ukinisikiliza, sitakutaja. Kitaje mwenyewe, siku utakapoulizwa umekula nini.